Mume wangu ni mvuvi: je, binti yetu anastahili ufadhili wa serikali chuoni?

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto watano, twakaa Langoni, Amu (mji wa Lamu). Binti yangu wa pili amepata B- katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, imempeleka Chuo Kikuu cha Pwani kusomea ualimu. Baba yake ni mvuvi, mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Jirani aniambia pesa za serikali ni za mayatima na waliopata A peke yao. Baba yake asema huo ni mkopo wa riba, hataki hata kuusikia. Na kijana mmoja wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, ataka elfu tatu "atuingize bendi ya kwanza". Je, tunastahili? Tuanzie wapi?

JIBU: Wa alaikumu salamu, dadangu. Kwanza mpe binti hongera zake. Pili, zile elfu tatu usizitoe. Nitalirudia hilo la saiba baadaye kwa sababu lina hatari zake, ila nataka ulisome jibu hili hali pesa bado ziko mkononi mwako.

Ndiyo, mnastahili kuomba. Masharti ya msingi si mengi: mwanafunzi awe Mkenya, awe amefanya KCSE na kupata C+ au zaidi kwa masomo ya digrii, na awe amepangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS. Binti yako ana yote matatu. Angekuwa amejiandikisha mwenyewe kwa kulipa, ile njia ambayo watu huiita parallel, ufadhili usingemhusu. Na angechagua chuo kikuu cha kibinafsi angeweza kuomba mkopo, lakini si ufadhili. Wanaokwenda vyuo vya ufundi vya umma kupitia KUCCPS nao wana fungu lao, wala hawahitaji C+. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale watoto watatu walio nyuma yake.

Maneno ya jirani yako yana asili yake. Kuna miaka nafasi za serikali vyuoni zilikuwa chache, alama za kuingilia zikipanda mpaka mtoto wa C+ akabaki nje. Na mfumo wa sasa ulipoanza, Mei 2023, kundi la kwanza kabisa lilikuwa la wasiojiweza, ambamo mayatima walikuwa wengi, basi watu wakashika hilo moja. Alama za KCSE humfikisha mtoto chuoni. Kiasi cha pesa atakachopewa huamuliwa na hali ya nyumba yenu, na hali hiyo haijulikani Nairobi ila kwa yale mtakayoyaandika katika fomu. Nitakaa zaidi hapo, kwa kuwa ndipo wazazi wetu wa pwani wanapojiumiza.

Lakini tumalize kwanza la baba yake, kwa sababu kama hakuridhika hamtafika popote.

Pesa hizi ni za aina mbili na zatoka sehemu mbili. Ufadhili watolewa na Mfuko wa Vyuo Vikuu. Huo haulipwi, hauna riba, ni msaada mtupu. Mkopo watolewa na HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995. Huo hulipwa, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Anayekaa bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Yote mawili huombwa katika tovuti moja, ya ufadhili wa elimu ya juu, hef.co.ke, ndiyo maana watu huyachanganya. Ila ni maombi mawili. Mwanafunzi anaweza kuomba ufadhili na kuuacha mkopo.

Hukumu ya riba si yangu mimi kuitoa. Masheikh wako hapo hapo Amu, baba akawaulize. Langu ni kuwawekea hesabu mezani ili muamue mkiijua. Makundi yaliyotangazwa mwaka 2024, hayo yanayoitwa bendi, ni matano. La kwanza ni la familia zenye kipato cha hadi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili hubeba asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo 25, familia 5. La pili ni hadi 23,670: ufadhili 60, mkopo 30, familia 10. La tatu ni hadi 70,000: ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. La nne, hadi 120,000, na la tano, zaidi ya hapo, familia hulipa asilimia 30 na 40. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma, kwa hiyo msitumie karatasi ya mtoto wa jirani aliyeingia mwaka wa nyuma. Tumieni kiasi kilichoandikwa katika barua ya binti yenu.

Tuchukue, kwa mfano tu, kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, na tuseme mmewekwa kundi la pili. Ufadhili utalipa 120,000, mkopo 60,000, nyinyi 20,000. Mkiukataa mkopo, ile 60,000 yarudi kwenu na mtatafuta 80,000 kila mwaka. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka mtoto yuko Kilifi hana chakula: fedha za matumizi, zile za chumba na kula, nazo ni sehemu ya mkopo. Kwa kundi la pili zilitangazwa kuwa 55,000 kwa mwaka. Hakuna mkopo, hakuna hizo. Nimeona familia zikichukua ufadhili peke yake na zikaweza, kwa kuwa kulikuwa na mjomba Mombasa na basari (msaada wa karo) kidogo. Nyingine ziliukubali mkopo baada ya kuzungumza na sheikh wao. Lenu mtalijua wenyewe. Msije tu mkaukosa ufadhili usio na riba kwa kuukimbia mkopo wenye riba.

Sasa fomu. Chombo cha kupimia hali ya familia huangalia mambo kadhaa kwa pamoja: hali ya wazazi, ukubwa wa familia na idadi ya walio shuleni, ulemavu, jinsia, aina ya kozi, na kama eneo ni la waliotengwa kimaendeleo. Lamu na Kilifi zote mbili zilikuwemo katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa zimeachwa nyuma. Kwa hiyo kipato ni kimoja kati ya mengi, na viwango nilivyovitaja hapo juu ni vya kuwapa picha. Si kwamba mtu akiandika 5,900 basi ameingia. Lakini kipato ndicho mnachokijaza kwa mkono wenu wenyewe, na ndicho mvuvi hukikosea kuliko watu wote.

Mwalimu ana hati ya mshahara, ataandika kilicho kwenye hati. Mvuvi akiulizwa "kwa mwezi wapata ngapi?" hukumbuka mwezi mzuri. Ni jambo la heshima, hakuna mwanamume atakayesema mbele ya mwanawe kwamba kuna wiki alirudi na kitoweo tu. Basi husema "elfu thelathini", na msichana huandika. Kisha huulizwa mama, naye hutaja mauzo: "Nikiuza vizuri napata elfu moja kwa siku." Msichana anazidisha kwa siku ishirini na tano, anaandika elfu ishirini na tano. Hapo familia ya Langoni imeshakuwa na kipato cha 55,000 kwa mwezi, imeketi kundi la tatu pamoja na walimu.

Kaeni chini jioni moja na daftari. Mwanzo ni fungu la baba. Samaki waliouzwa bandarini si pesa zake. Kuna mafuta ya mashini, kuna barafu, kuna fungu la chombo kama mashua si yake, na mabaharia wenzake. Kinachobaki baada ya mgao ndicho kipato. Halafu mwaka mzima, si mwezi mmoja. Kaskazi bahari imetulia, kuna samaki na kuna wanunuzi. Kusi ikivuma, kuna siku nyingi mashua hazitoki kabisa. Tuseme miezi mitatu mizuri anabaki na 30,000, miezi minne ya wastani 12,000, na mitano ya kusi 5,000. Jumla ya mwaka ni 163,000. Gawanya kwa 12 mpate kama 13,600 kwa mwezi. Hicho ndicho kipato cha mvuvi huyo.

Kisha mahamri. Katika ile elfu moja toa unga, sukari, mafuta, nazi, iliki, mbaazi, na makaa. Kama kinachobaki ni 150 kwa siku, kwa siku 25 ni 3,750. Na mwezi wa Ramadhani biashara ya asubuhi hulala, labda uuze futari jioni, kwa hiyo usihesabu miezi 12 sawasawa. Hata tukiuacha mwezi huo, nyumba yote yapata kama 17,300. Kundi la pili, na mtu hajasema uongo hata wa neno moja. Kwa kozi ile ya laki mbili, tofauti kati ya kundi la pili na la tatu kwenu ni 20,000 kwa mwaka, mara miaka minne.

Lihifadhini daftari hilo. Kama mume wako ni mwanachama wa kikundi cha wavuvi cha ufuoni, BMU, aombe barua inayosema ni mvuvi na chombo anachovulia ni cha nani. Barua ya chifu nayo ni nzuri, lakini machifu wengi huandika "familia hii ni maskini" na kugonga muhuri, mstari mmoja ambao haumsaidii mtu. Mwombeni aandike mambo yanayoonekana: watoto wangapi, wangapi shuleni, kazi gani, nyumba ya kupanga au yenu, nani mgonjwa. Watoto wote walio shuleni waingie kwenye fomu kwa majina, na karatasi za karo zao muwe nazo. Kama nyanya yenu yuko kitandani nyumbani kwenu na dawa mnanunua nyinyi, hilo nalo ni la kusemwa. Na kama binti alisomeshwa sekondari na mfadhili, pateni barua ya mfadhili huyo. Bila hiyo, shule ya karo kubwa itaonekana kana kwamba mliilipia nyinyi.

Stakabadhi zenyewe ni hizi: kitambulisho cha mwanafunzi, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi wote wawili (au cheti cha kifo kwa aliyefariki), namba ya mtihani wa KCSE, barua ya kuitwa chuo, picha ya pasipoti, na barua pepe na namba ya simu za mwanafunzi mwenyewe. Kwa upande wa mkopo ongezeni akaunti ya benki kwa jina lake na wadhamini wawili wenye vitambulisho. Mzazi anaweza kuwa mmoja wao. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake binti, si la kaka yake. Hili huwakwamisha watoto wengi sana, kwa sababu laini ya kwanza ya msichana mara nyingi husajiliwa na mtu mwingine nyumbani.

Lakini tazameni majina kabla ya yote. Sisi hapa mtoto huitwa kwa jina la baba na la babu, na kila karani huandika kwa sikio lake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Swaleh, KCSE inasema Saleh, kitambulisho cha baba kinasema Salehe. Athman na Athumani, Mohamed na Muhammad, yote ni hayo hayo. Masheikh hawana shida nalo, kompyuta ina shida. Ziwekeni karatasi zote pamoja msome herufi kwa herufi. Kosa la cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kwa msajili wa vizazi, la kitambulisho kwa msajili wa watu, na mara nyingine hati ya kiapo kutoka kwa wakili hutosha kwa muda. Yote hayo huchukua wiki, na dirisha la maombi halingoji. Kama binti hana kitambulisho bado, hiyo ndiyo safari ya kesho asubuhi, hata kabla ya fomu.

Haya, kijana wa saiba. Kuomba ni bure. Hakuna mtu wa Amu wala wa Malindi anayeweza "kuwaingiza" bendi ya kwanza. Anachoweza ni kuandika uongo kwa jina la binti yenu, kwa mfano kwamba baba amekufa. Taarifa za vitambulisho na vyeti vya vifo ziko serikalini. Na anayejibu kwa uongo wa fomu ni aliyetia jina lake pale chini, yaani mwanao. Hatari ya pili ni ndogo lakini ni ya kila mwaka: vijana hawa hufungua akaunti kwa barua pepe yao na pasiwadi yao. Mwaka wa pili binti ataka kuomba mkopo tena (mkopo huombwa upya kila mwaka), hawezi kuingia, kijana ameshahamia Mombasa, simu haipatikani. Kama mnahitaji kompyuta, mlipeni mtu wa saiba pesa ya kompyuta na ya kuchapisha, binti aketi yeye kwenye kiti, apige taipu yeye, na pasiwadi aiandike katika daftari lile lile la hesabu. Mkikwama, Huduma Centre zina meza ya HELB. Fomu yaweza kujazwa kwa simu pia, ila mtandao wa visiwani mwaujua wenyewe, afanye usiku ukiwa mwepesi, na asingoje siku ya mwisho wakati nchi nzima iko kwenye tovuti.

Majibu yakitoka na mkaona mmewekwa kundi lisilowafaa, kuna nafasi ya kukata rufaa humo humo kwenye tovuti. Rufaa isiwe ya kulalamika tu. Semeni ni jambo gani halikuhesabiwa, na mtie karatasi yake: barua ya BMU, hati za hospitali, karo za wale wengine. Hapo ndipo daftari litakapowafaa. Rufaa nazo zina tarehe ya mwisho.

Huenda mkasikia kwamba mahakama ilivunja mpango wote huu. Mahakama Kuu ilisema hivyo Desemba 2024, kwamba mfumo unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, na mfumo ukaendelea kutumika. Mtoto wa mtu asikae nyumbani kungoja kesi.

Mwisho ni lile pengo linalobaki kwenu. Ufadhili hulipwa moja kwa moja chuoni, na mara nyingi huchelewa, ilhali chuo chaweza kutaka sehemu ya familia siku ya kujiandikisha. Kwa hiyo anzeni na hiyo 20,000, au itakavyokuwa. Milango ni miwili: basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge, katika ofisi ya eneobunge, kwenu ni Lamu Magharibi, na basari ya kaunti inayopitia wadi. Hizi si za kudumu. Huombwa kila mara zinapotangazwa, na hundi huandikwa kwa jina la chuo, kwa hiyo mtahitaji namba ya usajili ya binti na akaunti ya chuo. Fomu zake huwa zataka muhuri wa chifu na wa imamu, na tangazo huenda likabandikwa ubaoni kwa siku chache tu. Mpe kazi hiyo yule mwanao wa kwanza: apite ofisi ya wadi kila wiki, asingoje kuambiwa. Wasomaji wa upande wetu huku, Malindi na Magarini, nao wana afisi zao za NG-CDF, na Kaunti ya Kilifi ina mfuko wake wa ufadhili wa wadi.

Akishafika chuoni, binti aende mwenyewe kwa mkuu wa wanafunzi aulize kuhusu kazi za kulipwa ndani ya chuo. Vyuo vingi vya umma vina mpango huo, maktabani, jikoni, ofisini, na wanaopata ni wale waliouliza wiki ya kwanza.